Re: Ni kweli zamani Wamarekani hawakumpigia rais kura?

Mkuu, kwa majimbo mengi ni kweli. Katiba yao iliachia bunge la kila jimbo liamue namna ya kuwapata wajumbe wanaomchagua rais, na mabunge mengi yaliwachagua wajumbe hao yenyewe. Mwaka 1800, zaidi ya nusu ya majimbo 16 yalifanya hivyo.

Shida ilikuwa mabunge yenye nyumba mbili. New York, uchaguzi ule wa kwanza kabisa, Seneti na Baraza la chini walivutana: wakae pamoja wapige kura, au kila nyumba iwe na kura ya turufu, yaani iweze kukataa uamuzi wa mwenzake? Siku zikaisha bila muafaka, jimbo zima likakosa kumpigia George Washington hata kura moja! Pennsylvania nao 1800 walivutana vilevile, ila wakagawana: wajumbe 8 kwa mgombea Thomas Jefferson, 7 kwa mpinzani wake John Adams. Wananchi hapo ni watazamaji tu.

Baadaye majimbo yakaachia wananchi, moja baada ya jingine. South Carolina ndiyo iliyong'ang'ania, bunge likachagua hadi 1860. Na hiyo ibara ya katiba inayoachia bunge la jimbo liamue haijafutwa, bado ipo.