Tuhamie mji wa chuo huko Kusini, Athens au Hattiesburg?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko New Jersey mwaka wa 24 huu, mimi ni CNA (msaidizi wa wauguzi mwenye cheti) nina miaka 61, mzee ana 66 na lori ameshaacha kuendesha. Kodi ya majengo hapa inatumaliza kwa kweli. Kuna rafiki yetu kahamia Athens, Georgia, kila tukiongea anausifia, mji mdogo, umechangamka kwa sababu ya wanafunzi, watu wanasalimiana. Mwingine anasema hapana nendeni Hattiesburg, Mississippi, ndo rahisi zaidi. Nataka nikifika 62 niache kazi, tuuze hapa tununue huko kwa keshi. Unatushauri wapi?
Mama wawili, New Jersey

JIBU: Dada yangu, kabla hatujafika Athens wala Hattiesburg naomba nianzie hapo pa kuacha kazi ukiwa na 62, manake hapo ndo nimeshtuka. Mzee yuko sawa, Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya wazee, anayo, lakini wewe Medicare unaipata ukifika 65, kwa hiyo kuna miaka 3 huna bima ya kazini na itabidi ununue mwenyewe kwenye soko la bima la serikali, alafu ukianza kuchukua Social Security, yaani pensheni ya serikali, na 62 wakati kwa nyie mliozaliwa 1960 na kuendelea umri kamili wa kuichukua bila kukatwa ni 67, wanakukata asilimia 30 na makato hayo unaishi nayo mpaka mwisho. Hela mtakayookoa kwenye nyumba inaweza kuishia hapohapo. Mimi ningehama na kazi yangu. Miji hii ya vyuo ina hospitali na CNA mwenye uzoefu anatafutwa, ila uanze mapema kuhamishia cheti chako kwenye rejista ya jimbo jipya, kabla hata hujafunga mizigo, upate kazi ya siku chache kwa wiki yenye bima, ukifika 65 ndo upumzike.

Sasa miji yenyewe. Athens naipenda na sababu kubwa ni shule. Chuo Kikuu cha Georgia kipo tangu 1785, na sheria ya jimbo inasema mkazi wa Georgia aliyefika 62 anasoma vyuo vya serikali bila kulipa ada darasa likiwa na nafasi, ukitoa mambo kama udaktari na sheria. Wangapi kati yetu tuliiacha shule ili tulee watoto na kutuma hela nyumbani? Hilo kwangu lina uzito kuliko bustani na hali ya hewa. Kodi nayo sio mbaya, Georgia haigusi Social Security, na kuanzia 65 kila mmoja wenu anasamehewa hadi dola 65,000 za kipato cha kustaafu kwa mwaka. Atlanta na uwanja wake wa ndege ni kama saa moja na nusu kwa gari. Shida ni bei, kwa sababu mnashindana na watu wanaonunua nyumba ili wapangishe wanafunzi, kwa hiyo karibu na chuo msitegemee bei ya kutupa.

Hattiesburg rafiki yenu hajakosea, ni rahisi zaidi. Mississippi haikati kodi ya jimbo kwenye Social Security, pensheni wala 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, ukishastaafu kihalali, chuo cha Southern Miss kina masomo ya watu wa 50 na kuendelea yasiyo na mitihani, na hospitali kubwa ya Forrest General iko mjini humohumo. Lakini dada, upepo. Kimbunga Katrina 2005 kiliupiga huo mji japo hauko baharini, na Januari 2017 tornado, ule upepo mkali wa kuzunguka, ilipita alfajiri ikaua watu. Kwa hiyo bei ya bima ya nyumba ombeni kabla ya kuweka ofa, maana nyumba ya keshi hakuna benki ya kuwalazimisha kukata bima na hapo ndo watu wanajidanganya wanaiacha.

Kokote mtakakoenda msinunue mwaka wa kwanza. Pangeni, na mfike Agosti, manake ndo mwezi wa joto lile la unyevu na ndo wanafunzi wanarudi na magodoro yao, mkiuvumilia mji mwezi huo mtauvumilia mwaka mzima. Jumamosi za mpira wa Kimarekani wa vyuo, kipindi cha baridi inapoanza, mzizoee pia, uwanja wa Athens unaingiza watu zaidi ya 90,000 na siku hiyo kwenda dukani tu ni safari. Mtaa wa wanafunzi upiteni mbali, kelele usiku.

Kitu cha mwisho ndo nisichotaka usahau. Saivi mnaangalia bei mkiwa mnaendesha wote wawili, ila ipo siku mzee macho yatakataa na wewe magoti, na miji hii mingi bila gari huendi popote. Tafuteni nyumba ambayo duka na daktari mnafika kwa miguu au kwa basi, hata kama ina chumba kimoja pungufu. Huyo rafiki yako wa Athens muulize, siku gari lake liko gereji kwa daktari anafikaje?