Besi ya nyuzi nne kushuka hadi B

Gitaa la besi la nyuzi nne (E, A, D na G) linaweza kushuka hadi noti ya B; si lazima ununue besi ya nyuzi tano ili kuipata B hiyo ya chini. Ila usiulegeze tu uzi wa E mpaka ufike B. Utaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo na utagonga shingo kila ukiugusa. Chukua seti ya nyuzi tano, G iweke kando, kisha funga B, E, A na D. Yangu iko hivyo mwaka wa tatu sasa. Kazi yenyewe ipo juu ya shingo, kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji: uzi wa B una unene wa kama milimita 3.3, wa E 2.7 hivi, kwa hiyo mfereji upanue kwa tupa ndogo, taratibu mno, maana ukizidisha kina hakirudi. Halafu sawazisha upya shingo na daraja (kile kipande cha chini kinachobeba nyuzi). Angalizo: B hiyo ni takriban hezi 31, yaani mitetemo 31 kwa sekunde (E ni 41), spika ndogo itakunong'onezea tu. Na wapenda solo za juu watanuna, maana uzi wa G haupo tena.