Ushoroba hauchorwi kwa rula: maneno kwa maafisa wapya wa matumizi ya ardhi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, naomba tuongee. Siku hizi rasimu zenu za mipango zinapita mezani kwangu, na karibu zote zina ushoroba wa wanyamapori, yaani njia yao ya kupita kati ya eneo na eneo, ulionyooka kama barabara ya lami, upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wenu alipoulizwa kwa nini umenyooka hivyo, akajibu kuwa ndivyo programu ya ramani ilivyoleta. Sijui kama tembo wa Tarangire wamewekewa hiyo programu.

Najua mmesoma. Sheria za Sura ya 113 (ardhi), ya 114 (ardhi ya vijiji) na ya 283 (wanyamapori) mnazo kichwani kuliko nilivyokuwa nazo mimi umri wenu. Ila mnakosea pale pale tulipokosea sisi, tena kwa mpangilio ule ule, utadhani tuliwaachia urithi. Basi haya hapa.

1. Tembeeni kwanza, mchore baadaye. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini mvua zikianza, wakaenda nyanda za Simanjiro kuzaa na kula majani yenye madini kuliko ya ndani, kisha kiangazi wanarudi mtoni. Ukienda kupima mwezi wa nane utakuta uwanda mtupu, na kwa nia njema kabisa utauandika "eneo la akiba kwa kilimo". Mbebe GPS, sawa, lakini mbele yake atangulie mtu anayechunga. Mwenzetu mmoja alishajaza fomu kwamba hakuna dalili za tembo, mzee wa boma akamshika mkono akampeleka kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya gari letu. Shina limesuguliwa hadi linang'aa, na tope lililokauka limepanda juu kuliko kichwa cha yeyote kati yetu. Fomu ikafutwa palepale. Tena tathmini ya kitaifa ya mwaka 2022 imeorodhesha shoroba 61 nchi nzima, 20 zikapewa kipaumbele. Angalia kama kijiji chako kimo kabla hujawasha kompyuta.

2. Muhtasari wa mkutano uandikwe kwa wino, mahudhurio yasainiwe siku hiyo hiyo, kurasa zipewe namba.

3. Sheria ndogo. Hapa nitakaa, maana hili linaniuma mpaka leo.

Kulikuwa na kijiji kimoja ambacho mpango wake niliupenda kama mtoto wa kwanza. Timu ya PLUM, ile ya wilaya ya kupanga matumizi ya ardhi, ilikuwa inaelewana, VLUM, yaani kamati ya kijiji ya matumizi ya ardhi, walikuwa wachapakazi, na mkutano mkuu ulijaa mpaka watu wakakalia matofali ya darasa ambalo halijaisha. Ushoroba ukapita, malisho yakapita, makazi yakapita. Mkutano ule ule tukasoma na sheria ndogo: atakayelima ndani ya ushoroba atapigwa faini. Mikono juu. Mwenyekiti akasaini, mtendaji akagonga muhuri, mimi nikapiga picha ya kuweka kwenye ripoti ya mfadhili. Haikuchukua muda mabango yakasimama.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Nakala ziende kwa mwanasheria wa halmashauri azipitie, kisha ziingie baraza la madiwani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 haina utata hapo: sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Nililijua hilo vizuri, siwezi kusingizia ugeni. Bahasha ilikuwa kwenye gari. Baraza la robo ile lilinikuta niko mafunzoni, lililofuata likamezwa na bajeti, halafu uchaguzi ukakaribia na baraza likavunjwa. Bahasha ikatoka kwenye gari ikahamia kwenye droo. Kila nikiiona najiambia, kijiji kimetulia, haraka ya nini?

Masika moja, mtu mmoja, wala si mtu mbaya, akakodi trekta akalima katikati ya ushoroba. Kijiji kikampiga faini, akagoma, wakampeleka mahakama ya mwanzo. Nilikaa benchi la nyuma na mpango wetu umejalidiwa, ramani ina rangi zote. Hakimu akaufungua, akaisifu ramani, kisha akauliza swali moja: idhini ya halmashauri ya wilaya iko wapi? Mwenyekiti akageuka kunitazama. Mtendaji akageuka. Mshtakiwa naye akageuka, nadhani kutaka kujua wanamtazama nani.

Akaachiwa, na alistahili kuachiwa. Aibu yangu mimi haikuwa kitu. Walioumia ni wajumbe wa VLUM, waliokuwa wakizunguka kwa miguu kulinda eneo lile na kukosana na ndugu zao kwa ajili ya karatasi niliyowaambia ni sheria. Wakawa wanachekwa kilabuni. Mama mmoja mjumbe alikuwa amemzuia shemeji yake asilime kule, nyumbani kukawa hakuongeleki. Alinifuata chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, akaniamkia vizuri tu, akauliza, "Mwanangu, kwa hiyo yule nilimkataza kwa sheria ipi?" Nikaanza kueleza habari za ratiba ya baraza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaenda zake. Hakurudi kwenye kamati.

Msimu uliofuata walilima wengi. Sheria ndogo zilikuja kuidhinishwa, lakini wakati huo ndani ya ushoroba zilikuwa zimeota nyumba za bati, na kumhamisha mwenye bati ni kesi nyingine kabisa na kumzuia mwenye jembe. Wanyama walihamia pembeni, kwenye mashamba ya mahindi ya kitongoji jirani ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo nikimsikia mmoja wenu anasema "sheria ndogo tutazipeleka tukimaliza mabango", mnisamehe nikipandisha sauti. Ulizeni ratiba ya baraza kwanza, tarehe ya mkutano mkuu ifuate hiyo. Na mwanasheria wa halmashauri aione rasimu kabla ya wanakijiji kunyoosha mikono, asije akaibadilisha kesho yake mkalazimika kurudi kuita mkutano upya.

4. Acheni kuwatisha watu kwa pori tengefu, yaani eneo ambalo uwindaji wake unadhibitiwa na serikali. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 watu walilima, walichunga na kuishi ndani ya mapori tengefu, na vijiji vikasajiliwa humo humo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo iliyobana, ila sheria hiyo hiyo, kifungu cha 16, ikamtaka waziri apitie upya orodha ya mapori hayo na ahakikishe ardhi ya kijiji haimo ndani yake. Nyie mnafungua ramani ya zamani, mnaona rangi imefunika kijiji, mnamwambia mwenyekiti "hapa mpo hifadhini". Mwenyekiti ana cheti cha ardhi ya kijiji kabatini! Mnataka akae na nani meza moja baada ya hapo? Mvutano wa ardhi wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, hadi kilomita za mraba 1,500 zilipotengwa kwa uhifadhi mwaka 2022, umeota kwenye swali hili hili la ardhi moja yenye majina mawili. Ukikuta ramani zinagongana, iandike migongano hiyo kwenye ripoti kama ilivyo, ipande juu. Kuamua si kazi yako, na dereva wako naye mwambie asiamue.

5. Mita 60 za kuachwa bila shughuli kutoka ukingo wa mto ni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, si ya wanyamapori. Nimechoka kusahihisha.

6. Ardhi ya malisho isiachwe bila hati eti kwa kuwa "ni ya wote". Ardhi ya wote ndiyo inayomegwa kwanza. Hatimiliki ya kimila ya kundi ipo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda waliipata mwaka 2011. Nyasi za ng'ombe na nyasi za pundamilia ni zile zile, kwa hiyo hati moja inalinda wote wawili bila kijiji kugeuzwa hifadhi. Terrat, Simanjiro, wao tangu mwaka 2005 walikubaliana na kampuni za utalii kijiji kilipwe kila mwaka ili uwanda usilimwe, mifugo iendelee. Nendeni mkakae nao siku mbili, mtajifunza kuliko kwenye warsha za hoteli, hata kama posho ni ndogo.

7. Kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, msikiahidi kama bei ya mazao. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kwamba shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi kabisa, na hata la mbali halilipwi zaidi ya ekari tano. Haya yasemwe siku mnapopanga maeneo ya kilimo, pimeni umbali huo na mwenye shamba akiwepo, muweke mstari kwenye ramani ukutani. Afisa anayesoma kanuni mbele ya mtu aliyesimama kwenye mabua yaliyokanyagwa usiku anastahili kila neno atakaloambiwa. Na kama shamba liko mita 450, semeni 450 hapo hapo, hata kama chai bado haijaletwa.