Si baridi iliyoua maua yako, ni maji

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Leeds, Uingereza, aliniandikia: "Dada, huu mwaka wa pili napanda maua ya bustani ya mawe, yale ya milimani yanayoota katikati ya mawe, yote yanakufa. Nahisi baridi ya huku imenishinda, au mkono wangu ndio mbaya." Ujumbe ulinikuta nimechuchumaa uwanjani nyuma ya nyumba, hapa Edinburgh, Uskoti, mbele ya ua la Pasaka lililofunguka asubuhi hiyohiyo. Zambarau iliyoiva, katikati manjano, shina lote limevaa vinyweleo vyeupe kama kifaranga cha siku moja. La kwanza, baada ya miaka 4. Jibu la mistari miwili halikunitosha.

Mdogo wangu, mkono wako hauna kasoro, na baridi haikuua kitu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu masika yakikaribia mwezi wa Machi, jembe liko begani. Nilipohamia huku nikaona Machi jua limerudi na watu wanatoka nje, nikajua ndiyo saa yenyewe. Nikanunua mfuko mzima wa matunguu ya maua, tulipu na krokasi, yanayofanana na vitunguu, kwa bei ya kutupa, nikayapanda jioni hiyo, nikamwagilia. Aprili ikapita, Mei ikapita, hata jani. Nilipofukua nikakuta maganda ya kahawia, na ndani unga wa kijivu. Yalikuwa mabaki ya vuli ya huku, msimu wa majani kupukutika kabla ya baridi, na muuzaji hakusema neno.

Huku maua ya machipuko, yanayochanua baridi ikiisha, hupandwa kuanzia Septemba hadi Novemba, tulipu ikiwa ya mwisho. Tunguu lake linahitaji kama wiki 12 au zaidi za baridi likiwa ardhini ndipo ua liamke. Ile Desemba tunayoilalamikia simu nzima na mama zetu, jua linapozama saa tisa na dakika arobaini alasiri, ndiyo inayoliandaa ua. Kwa hiyo usiionee uchungu. Panda ukiwa na koti.

Kosa la pili ndilo lililoniuma. Nilijenga bustani ya mawe pembeni mwa ukuta, nikaijaza mboji nyeusi iliyonona, kama ninavyotengeneza tuta la mchicha. Nikapanda Pulsatilla 3, ambazo ndizo hayo maua ya Pasaka, na Saxifraga 5. Saxifraga kwa Kilatini ni mvunja mawe, na jina lile lilinipa moyo. Januari nikaenda kuzitazama. Niligusa shina moja, likabaki mkononi, laini kama ndizi iliyooza, linanuka tope. Nikagusa la pili. Nikaacha kugusa.

Wakati huo nilikuwa kwenye kikundi cha wapenda bustani cha mtaani. Nikaeleza yaliyonipata. Mama mmoja akasema mbele ya wote, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba labda ningeanza na mimea niliyoizoea, kwa kuwa mimea ya milimani inamtaka mtu aliyekulia kwenye baridi. Nilitabasamu, nikamaliza chai yangu, nikaaga. Sikurudi tena. Imepita miaka 3 na ile sauti bado naisikia.

Aprili iliyofuata nilikwenda kwenye Bustani ya Mimea ya Kifalme ya hapa Edinburgh, iliyoanzishwa mwaka 1670. Kuingia ni bure, hata kama huna senti mfukoni. Wanayo bustani kubwa ya mawe, na siku ile nilimkuta mzee mmoja amepiga magoti akipanga kokoto kuzunguka shingo ya mmea, moja moja, kama anayemvisha mtoto shanga. Nikamuuliza udongo wake ni wa namna gani. Akachomeka vidole ardhini, akanionyesha kiganja: changarawe nyingi, udongo kidogo. Akaniambia mimea hii kwao milimani hulala chini ya theluji ikiwa mikavu. Maji yakija yanateremka, hayakai. Baridi inaiweza, kukaa kwenye maji haiiwezi.

Nikakumbuka Amani, kule juu ya Muheza. Kwenye misitu ya Usambara kuna kiua cha zambarau kinachoota kwenye nyufa za majabali yenye kivuli, mizizi imeshika kiganja kimoja tu cha majani yaliyooza, maji yanapita kando yake. Mjerumani mmoja mtawala, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakakiita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Leo kiko kwenye madirisha ya Ulaya yote. Yule mama wa kikundi anavyo viwili, nimeviona kwa macho yangu. Ua la msitu wa kwetu linaishi dirishani kwake. Kwa nini la milima ya huku lisiishi kwangu?

Basi nikabomoa tuta lote. Nusu udongo, nusu changarawe. Nikaliinamisha ili maji yapate pa kwenda. Mawe nikayazika theluthi moja, yameegama nyuma kidogo, ili mvua iingie kwenye mizizi bila kutuama shingoni. Juu nikamwaga kokoto unene wa vidole viwili. Miaka iliyofuata sina la kusimulia, nilikuwa nasubiri. Pulsatilla ina mzizi mrefu na haitaki kuhamishwahamishwa, kwa hiyo ukishaipanda iache hapo. Na wakati wa baridi usimwagilie hata tone. Narudia kwa sababu najua tulivyo, tukipenda kitu tunakilisha: maji yatoke.

Chini ya mti mambo ni tofauti. Pale nina Galanthus, vile viua vyeupe vinavyoinamisha kichwa tangu Februari, primula za njano, na anemone. Hivi huwahi kuchanua kabla mti haujavaa majani, maana mti ukishavaa, mwanga umekwisha. Pale mboji ni rafiki. Majani ya vuli usiyafagie yote, hicho ndicho chakula chao. Na dafodili likimaliza kuchanua, usikate majani kwa wiki 6, hata kama yanakukera. Tunguu linakula kwa majani hayo ili lipate ua la mwakani.

Nina neno jingine, na hili nalisema kwa uzito. Tunapokwenda msituni mwezi wa Mei kupiga picha kwenye blubeli, yale maua ya buluu ya porini, tupite njiani. Ua lile kutoka mbegu hadi kuchanua huchukua kama miaka 5, na majani yakikanyagwa mmea unadhoofika. Nimeona watu wetu, watu wazima wenye watoto, wakichimba na kutia kwenye mfuko. Kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, na hata kama sheria isingekuwepo, hatukulelewa hivyo. Mtoto anayekuona unachimba leo atachimba kesho. Nunua matunguu, au omba kwa mwenzako.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Leeds, Septemba tengeneza tuta, Oktoba panda. Lakini lipo la kufanya sasa hivi. Galanthus huhamishwa vizuri majani yakiwa bado mabichi, kuliko tunguu kavu la dukani. Zangu zimesongamana, Jumamosi nitazigawa. Nitumie anwani yako, nitakufungia fungu moja kwenye gazeti lililoloweshwa. Likikufikia, lizike siku hiyohiyo, chini ya mti, mpaka pale jani lilipoanzia kuwa jeupe.