Maswali na majibu: Walezi wa watoto na dharura za kituoni

Safari hii maswali yote yametoka kwa wanaolea watoto wa wenzao hapa Nairobi. Nimeyafupisha.

Nina walezi watatu, Pipeline. Mmoja ana cheti cha huduma ya kwanza. Si anatosha?

Hatoshi, mama. Akienda msalani, au ukimtuma maziwa dukani, kituo kimebaki bila mtu. Afundishwe kila anayeachiwa watoto hata kwa dakika kumi, na mpishi pia, kwa kuwa watoto hupaliwa wakati wa kula. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha hapa mjini. Waulize kama kuna mafunzo ya watoto wachanga na kama mtashika mwanasesere kwa mikono yenu. Mkikaa siku nzima mkitazama slaidi, mmelipia chai na mandazi. Halafu rudieni wenyewe kila baada ya miezi michache, maana mikono husahau upesi.

Mtoto wa miezi minane alikwamwa na kiazi kooni. Tulimning'iniza miguu juu, kikatoka. Tulifanya sawa? (Kawangware)

Alhamdulillahi kilitoka, lakini msirudie, mtoto huponyoka. Kwanza msikilize. Anayekohoa kwa nguvu na kulia, hewa inapita: mwache akohoe, kaa naye karibu. Wa kuhofia ni yule aliyenyamaza ghafla huku midomo ikibadilika rangi.

Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono umeegemea paja, kichwa chini kuliko kifua, vidole vikishika taya wala si koo. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali umsukume kifua mara 5, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia hivyo hivyo, mgongo na kifua. Tumbo usiliguse, ini la mtoto mchanga huumia kwa urahisi. Kuminya tumbo ni kwa aliyepita mwaka mmoja, na hata huyo huanziwa mgongoni. Usichokiona kinywani usikitafute kwa kidole, utakisukuma ndani.

Akilegea, mlaze mahali pagumu, mmoja apige simu, mwingine aanze kukandamiza kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2. Hilo la mwisho halijifunzwi kwa kusoma safu hii.

Mtoto akinywa mafuta taa, maziwa yanasaidia? (Mukuru)

La, wala usimtapishe. Mafuta taa hudhuru zaidi mapafu, na akitapika yanapata nafasi ya pili ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwani kuhema kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Na ile chupa ya soda mnayowekea mafuta, itupeni leo.

Akimwagikiwa na uji moto, dawa ya meno?

Hapana. Wala yai, wala unga. Maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Bomba za Nairobi tunazijua, kwa hiyo mtungi mmoja ukae umejaa siku zote.

Tuko ghorofa ya nne, watoto 12, walezi wawili. Moto ukizuka?

Ufunguo wa geti la chuma uko wapi? Wengi hufunga kufuli mtoto asitoroke, kisha ufunguo unatembea mfukoni mwa mtu mmoja. Utundikeni kwenye msumari kando ya mlango, juu ya kimo cha watoto.

Kisha pigeni hesabu. Mlezi mmoja hufunga mtoto mgongoni kwa leso, hubeba mwingine kifuani, na wanaotembea hufuatana wameshika kamba. Wasiotembea wakizidi wanne, ninyi wawili hamwezi. Kwa maoni yangu, watoto hao wasilelewe ghorofa ya nne kabisa. Tafuteni chumba cha chini. Mkiwa bado huko juu, fanyeni zoezi kila mwezi, tena saa ya usingizi wa mchana, daftari la majina likishuka nanyi.

Nambari za dharura ni 999 au 112. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Mkishapiga, mtu akimbie steji kuwapokea, kwa maana nambari ya ploti peke yake haitawafikisha mlangoni.