Majina sita kwenye kadi ya mposho

Aliyefungua uzi huu ametuuliza ni kitu gani cha nyumbani, cha zamani, kinachotujia kwanza tukiwakumbuka wazazi wetu. Jana usiku nimesoma majibu yenu yote, ya nyimbo, ya michezo ya kwenye mvua, ya sikukuu. Kwangu mimi kinachotangulia ni kadi. Kadi ya mposho ya baba, yaani ya posho ya chakula ya kazini, ya karatasi ngumu, iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi ikawa laini kama kitambaa.

Nilizaliwa mwaka 1971, Lubumbashi, kusini mwa Kongo, katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba. Wanaoujua mji wetu wanaujua ule mlima mweusi wa mabaki ya madini na lile bomba refu la moshi kando yake. Baba alifanya kazi hapo, kwenye tanuru. King'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa yetu. Kikilia alfajiri, mama amekwisha kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nje na moshi wa makaa unaingia mlangoni. Kikilia jioni, sisi watoto mbio hadi kwenye kona, tukigombea nani ambebee baba gamela, kopo lake la chakula. Kila siku ndani yake mlikuwa na kipande cha mkate. Tuliuita mkate wa kiwandani, tukaamini kabisa kwamba kiwanda kile kinatoa shaba na mikate. Nilikuwa nimeshaolewa nilipoelewa kwamba ulikuwa mkate wake mwenyewe wa mchana, ambao hakuula.

Mfanyakazi alipata mshahara, na juu yake mposho: unga, maharage, mafuta, samaki, kulingana na watoto walioandikwa kwenye kadi. Nyumba ilitoka kazini, shule ilitoka kazini, dawa zilitoka kazini. Ndiyo maana wazee wa kambi walisema "kazi njo baba, kazi njo mama", yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mama alijifunza kushona na kufuma kwenye fuaye, kituo cha mafunzo cha akina mama, na hakuna kiti chetu kilichokosa kitambaa chake cheupe alichokifuma kwa mkono. Hata redio ilikuwa na chake.

Lakini kadi ilikuwa na majina sita ya watoto, na nyumbani tulikuwa kumi na mmoja. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba tulikuwa wengi, kama nyumba zote za kambi. Nilijua kwamba mama alilima lengalenga (mchicha) na matembele nyuma ya nyumba hadi ukutani, na kwamba bukari yetu, yaani ugali, ilikuwa ya kuchanganya, mahindi na muhogo, kwa sababu hiyo inakaa tumboni. Samaki mmoja wa baharini tunayemwita tomsoni alikatwa vipande ambavyo sijawahi kuona mtu mwingine akivikata, vyembamba na sawasawa. Tulikula kwenye sahani mbili kubwa, wakubwa huku na wadogo huku. Kitoweo hakiguswi kwanza. Unamega bukari, unachovya kwenye mchuzi, unamsubiri mwenzako. Kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, naye alikivunja akagawa, jicho kwa huyu, shavu kwa yule, na alikumbuka zamu ya kila mmoja kutoka juma lililopita.

Mkubwa wetu sote alikuwa mvulana. Huku kwetu tunamwita mkubwa yaya, awe wa kiume au wa kike, na mimi hadi leo jina lake halinitoki mdomoni, ni yaya tu. Ndiye aliyenipakia kwenye kinga, baiskeli ya baba, kunipeleka shule, mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Lubumbashi, mimi nikiingiza mikono ndani ya koti lake. Mvua za kwanza zilipoleta masuku, matunda ya porini, alirudi na shati limejaa, akatugawia yaliyoiva, yeye akala yaliyobaki magumu.

Kiangazi nkambo yetu, mama yake baba, alifika kutoka Kasenga na kikapu cha samaki wa kukaushwa wa mto Luapula. Nyumba ilinuka samaki juma zima na tulifurahi mno. Usiku alitusimulia ujanja wa Kalulu, yule sungura wa hadithi, halafu, tukishaacha kucheka, habari za batumbula, watu waliosemekana kuiba watu gizani enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutoka nje peke yake. Yaya alitusindikiza chooni mmoja mmoja, akaimba kwa sauti mlangoni ili tujue kwamba yupo.

(Mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo, timu zetu mbili za mpira, mlioanza kugombana humu: baba alikuwa wa Mazembe, na alisimulia vikombe vya Afrika vya 1967 na 1968 kana kwamba alicheza yeye. Mjomba wangu alikuwa wa reli, basi Lupopo. Jumapili ya mechi hawakusalimiana hadi bukari ilipotua mezani.)

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mama alipougua, nikatumwa na yaya kuchukua mposho. Kwenye foleni nilishika kadi kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa najivunia kusoma, nikasoma majina. Jina la yaya halikuwamo. Nikasoma tena. Hawakuwamo yeye na wengine wanne. Nikamwambia kwa furaha ya kugundua kosa: yaya, wamekusahau! Akaichukua kadi mkononi mwangu taratibu, akasema, "Usimwambie mama kwamba umesoma."

Nilimwambia jioni ileile. Mama aliketi kitandani, akanisogeza karibu, akanieleza kwamba baba ya yaya alikuwa mdogo wake baba, alikufa yaya hajaanza kutembea, na wale wanne nao kila mmoja alikuwa na njia yake ya kufika kwetu. Nikauliza, sasa sisi sita ndio tuko watoto wako? Hajawahi kunipiga, lakini siku ile aliniangalia hadi nikatamani anipige. "Ile karatasi ni ya kampuni," akasema. "Watoto niko nao kumi na mmoja. Enda ukateke maji."

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476,000 za shaba, na hesabu hiyo huwa inatajwa kwa fahari. Mimi huwaza hesabu ya mama, mfuko wa watoto sita uliofika mwisho wa siku zake ukiwa umelisha kumi na mmoja, bila yeyote kati yetu kuhisi kipande chake ni kidogo kuliko cha mwenzake.

Mama alifariki mwaka 2009. Makaburini wazee walipomwita mkubwa wa watoto arushe udongo wa kwanza, yaya alisogea mbele, na hakuna aliyegeuza shingo.

Sasa yuko Kolwezi, kichwa kimejaa mvi. Kila Jumapili mchana ananipigia simu, na kabla ya salamu ananiuliza leo tumekula samaki gani, na kichwa amepewa nani.