Bosi anataka nitoe kilemba dukani

SWALI: Habari ya kazi, mimi ni Mkorino, wa lile kanisa la Kikristo la watu wa vilemba, naishi Nakuru, nimeuza viatu kwa duka moja hapa tauni karibu mwaka mzima na kilemba changu cheupe, sasa kumeletwa meneja mpya anasema eti wateja wanaogopa, nikitoe ama nibaki nyumbani. Nifanye nini? Nina watoto.

JIBU: Pole sana dadangu, imeniuma kusoma hii, tena Nakuru ambako vilemba vya Wakorino tunaviona kila siku, sokoni, kwa matatu, kila mahali, nani huyo anaogopa? Usikitoe. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 27 inakataza ubaguzi na imetaja dini na hata mavazi kwa jina, halafu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, ukishtaki ni mwajiri ndiye anafaa kuthibitisha hakukubagua, sio wewe.

Ila usijiuzulu kwa hasira, tafadhali. Mwambie akuandikie hiyo amri kwa barua, ama hata wewe mtumie meseji ya heshima ukimuuliza, uiweke. Ukikubali kushona kilemba cha rangi ya yunifomu ni sawa, lakini hiyo ni hiari yako na kanisa lako. Akikufuta, nenda ofisi ya leba na hizo meseji, usikae nyumbani ukilia.